HATI ZA HAZINA: NI BIASHARA AU NI RIBA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na kuwaharimishia vilivyo vibaya. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu! Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa hapa mjini, naye ni wasii wa watoto watatu walioachwa na nduguye marehemu. Nyumba ya marehemu imeuzwa, na baada ya kulipwa madeni na kila mrithi kupewa haki yake, fungu la watoto hawa limekuwa shilingi 1,200,000. Mkubwa wao ana miaka tisa. Fedha hizo zimewekwa benki, na wasii aona kila mwaka zapungua kwa zaka na kwa ughali wa vitu. Alipokwenda kutaka shauri, karani wa benki alimwambia, "Mzee, zinunulie hati za Hazina ya Serikali. Hazina hatari, na wala si riba. Riba iko katika mkopo. Wewe hukopeshi mtu, wanunua hati kwa bei ya chini na siku yake ikifika waipata bei ya juu, kama mtu anunuavyo mchele akauza."

Ndugu yetu amefanya vyema kutokubali neno hili mpaka aulize, kwani mali iliyo mkononi mwake si yake. Wala suala hili si lake peke yake. Wako wastaafu waliopokea viinua mgongo vyao wakafanya hivi, na ziko kamati za misikiti na madrasa zilizofikiri kufanya hivi ili zipate mishahara ya walimu. Kwa hivyo twamjibu yeye, na katika kumjibu yeye twawajibu wote.

HATI HIZI NI KITU GANI?

Kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Basi na tulijue kwanza.

Serikali yetu, kama serikali nyingi za ulimwengu, hutumia zaidi ya inavyokusanya, na kinachopungua hukikopa. Hukopa nje kwa wageni, na hukopa ndani kwa raia wake na kwa mabenki. Mikopo ya ndani iliyo ya muda mrefu ndiyo huitwa hatifungani. Na ile ya muda mfupi ndiyo hizi hati za Hazina, ambazo mabenki huziita trezari bili. Nazo ni za namna tatu: za siku 91, za siku 182 na za siku 364. Benki Kuu ya Kenya ndiyo huzinadi kila wiki kwa niaba ya Hazina. Mtu wa kawaida aweza kununua kupitia benki yake. Na tangu mwaka 2023 aweza pia kununua kwa simu yake, kwa njia iitwayo DhowCSD.

Juu ya hati haikuandikwa riba yoyote. Hapo ndipo wengi waghurikapo. Tutoe mfano. Hati ya shilingi 100,000 ya siku 91, ikiwa kiwango ni shilingi 8 kwa 100 kwa mwaka, mnunuzi atatoa leo shilingi 98,044, na siku ya 91 atapewa shilingi 100,000 kamili. Ziada ni shilingi 1,956, na katika ziada hiyo Serikali hukata kodi ya 15 kwa mia. Hati ya kiasi hicho hicho ya siku 364, kiwango kikiwa 10 kwa 100, atatoa leo shilingi 90,932, na mwisho wa muda atapewa zile zile 100,000. Ziada ni shilingi 9,068.

Sasa msomaji na atazame. Karatasi ni ya namna moja, ahadi ni moja, na mwenye kuahidi ni mmoja. Kilichofanya ziada kupungua hapa na kuongezeka pale ni siku, na kile kiwango kinachopimwa kwa siku. Kiwango chenyewe hutangazwa kwa hesabu ya mwaka, nao wenyewe hukiita kwa jina lake, kiwango cha riba. Mchele haununuliwi hivyo. Mwenye kununua mchele huenda bandarini au sokoni, akatazama punje, akapima gunia, akalichukua katika dhamana yake. Likiloa maji ni hasara yake, bei ikipanda ni faida yake. Mwenye hati ya Hazina hana gunia. Ana neno la mdaiwa kwamba atamrudishia zaidi ya alichompa.

MILANGO MIWILI, NA YOTE IMEFUNGWA

Twasema: muamala huu hauna budi kuwa mkopo au kuwa uuzaji wa fedha kwa fedha. Hauna wa tatu.

Ukiwa ni mkopo, na ndivyo ulivyo, basi wanavyuoni wa madhehebu zote wameshikana juu ya kanuni kwamba kila mkopo uliofungwa sharti la kumletea mkopeshaji manufaa ni riba. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amewajibu wale waliosema biashara na riba ni sawasawa, akabainisha kwamba amehalalisha ile na kuharimisha hii. Utaona kwamba neno la karani wetu si jipya. Lilisemwa kabla ya benki ya kwanza kujengwa.

Huenda mtu akasema, "Lakini katika hati hapana palipoandikwa mkopo." Twamwambia: majina hayabadilishi dhati ya vitu. Alama ya mkopo ni dhamana. Aliyepokea mali yako akajifunga kukurudishia kwa hali yoyote, ipate au ikose, huyo ni mdaiwa wako, mwite utakavyo. Na hili walilijua Masahaba. Imam Bukhari amepokea habari za Zubayr bin Awwam, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba watu walikuwa wakimjia na fedha zao wakitaka awawekee amana. Naye alikuwa akikataa kuzipokea kwa jina la amana, akiwaambia ziwe mkopo juu yake, kwani akichelea zisije zikapotea na mwenyewe asipate kitu. Amana ikipotea bila ya uzembe, aliyeiweka halipi. Mkopo ukipotea, aliyeuchukua hulipa. Kwa hiyari yake akajitwika dhamana, na kwa dhamana ile zikawa ni deni. Alipokufa deni lake lilihesabiwa likawa 2,200,000, na mwanawe Abdullah akalilipa lote. Basi walimpa wakitaka amana, naye akalifanya deni; na hawakuchukua zaidi ya walichompa. Serikali nayo imejitwika dhamana ya hati zake. Ni mdaiwa, na mwenye hati ni mwenye kudai.

Ukiwa ni uuzaji, kama asemavyo karani, basi mlango huu ni mzito kuliko ule. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha huuzwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Hapa shilingi zauzwa kwa shilingi, si sawa, na si mkono kwa mkono. Basi mwenye kukimbia riba ya mkopo kwa kuuita uuzaji amekusanya riba mbili, ya kuzidisha na ya kuchelewesha. Na Bilal alipomletea Mtume tende nzuri alizozipata kwa kutoa pishi mbili za tende mbovu kwa pishi moja, alimwambia kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe. Akamfundisha auze zile mbovu kwa fedha, kisha kwa fedha hiyo anunue zile nzuri. Hakumfungia mlango akamwacha gizani. Alimwonyesha na njia. Tutalirejea jambo hili.

Na wako vijana waliosoma kidogo katika vitabu vyetu vya Kishafi, husema kwamba riba ya uuzaji iko katika dhahabu na fedha tupu, na kwamba wazee wa madhehebu hawakuitia katika sarafu za shaba, basi na noti za karatasi ni kama shaba. Jibu letu ni kwamba shaba ile ilikuwa chenji ya sokoni, na thamani za vitu zilikuwa katika dhahabu na fedha. Leo noti ndiyo thamani. Ndiyo mahari, ndiyo mshahara, ndiyo bei ya nyumba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la ulimwengu lilikutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 likakata kwamba noti ni fedha kamili katika hukumu za riba na za zaka. Na mwenye kusema hazina riba yampasa aseme pia kwamba hazina zaka. Wallahi hatujamwona mwenye kuthubutu kusema la pili, ila wengi twawaona wakitamani la kwanza.

Baraza hilo hilo lilikutana Jidda mwezi wa Machi 1990 likazitazama hati za mikopo kwa jina lake, na likaharimisha zile zenye ziada iliyoshurutishwa, zikitolewa na serikali au na makampuni. Wala halikuziacha hati zinazouzwa kwa bei ya chini ya kilichoandikwa. Likasema tofauti ya bei ni ziada ya mkopo. Na hizo ndizo hati zetu hizi hasa.

HOJA ZA WANAOZIHALALISHA

Haifai kumjibu mtu kabla ya kumsikiliza. Basi hizi ndizo hoja tulizozisikia, na majibu yake.

Ya kwanza husema: "Riba imeharimishwa kwa ajili ya kumhurumia maskini. Serikali si maskini. Nani amedhulumiwa hapa?" Twajibu: riba iliyofutwa katika Hija ya Kuaga, na ya kwanza kufutwa ikawa ni ya Abbas ami yake Mtume, haikuwa juu ya maskini peke yao. Koo za Thaqif zilikuwa zikiwadai Banu Mughira, nao walikuwa watu wa mali na biashara. Hata hivyo na tuulize: ziada hii hulipwa na nani? Waziri wa Hazina halipi kwa mfuko wake. Hulipwa kwa kodi. Na kodi hutozwa sabuni ya mama lishe na nauli ya mchukuzi wa bandarini. Katika miaka ya karibuni zaidi ya robo ya mapato ya Serikali yetu imekuwa ikienda katika kulipa riba za madeni peke yake. Mwaka 2024 kulipendekezwa mkate utozwe kodi ya 16 kwa mia. Vijana wa nchi hii walitoka barabarani, na wengine hawakurudi makwao, mpaka mswada wote ukaondolewa. Mwaka ule ule hati za Hazina zilikuwa zikiwapa wenye fedha zaidi ya shilingi 15 kwa kila 100. Ndugu yangu, changanya habari hizi mbili uone. Aliyekuwa na kitu alimkopesha asiyekuwa na kitu, kwa mkono wa Serikali, na akalipwa kutoka katika mkate wake. Dhuluma haikutoweka, imefichwa mbali ili mwenye kuila asiuone uso wa aliyedhulumiwa.

Ya pili husema: "Yuko mwanachuoni mkubwa aliyehalalisha." Ni kweli. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1989 ya kuzijuzisha hati za uwekezaji za serikali ya Misri, naye baadaye akawa Sheikh wa Al-Azhar. Hatumtukani wala hatumdharau. Amekwenda kwa Mola wake na elimu yake. Lakini hoja yake ni kwamba mwenye fedha amempa mwingine amfanyie kazi, na wote wawili wameridhiana kuibainisha faida kabla. Nasi twasema: mwenye kufanyiwa kazi hupata faida kazi ikifaulu, na hupata hasara ikianguka. Aliyedhaminiwa mtaji wake na faida yake pamoja hakufanyiwa kazi, amekopesha. Tena wanavyuoni wa nchi nyingi waliokusanywa na Baraza la Utafiti la Al-Azhar hiyo hiyo huko Kairo mwaka 1965 walikata kwamba ziada juu ya mkopo wa namna yoyote ni riba, uwe wa matumizi au wa uzalishaji. Rai ya mmoja huheshimiwa. Haifanywi ngazi ya kuiruka rai ya umma.

Ya tatu ni nzito zaidi, nayo husema: "Shilingi huanguka. Nikiiweka bure, baada ya miaka kumi haitanunua nusu ya inachonunua leo. Hiyo ziada ni kufidia tu." Hapana anayekanusha kuwa shilingi huanguka. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha shilingi 7. Mwanzo wa mwaka 2024 ilifika kiasi cha shilingi 160 kabla ya kushuka. Lakini maradhi haya yana dawa, na dawa yake ni kuitoa mali katika shilingi na kuitia katika kitu kisichoanguka pamoja nayo: nyumba, shamba, bidhaa, biashara. Aliyeiacha mali yake katika shilingi, kisha akataka mdaiwa wake amfidie, ni kama mtu aliyeacha samaki juani akamtaka mvuvi amlipe. Na lau ziada hii ingekuwa ya kufidia, ingepimwa kwa kuanguka kwa shilingi baada ya kutokea. Ziada hii hukatwa siku ya kwanza, shilingi ipande au ishuke.

Ya nne ni kusema, "Ni dharura." Dharura ni ya mwenye kuhofia roho yake, naye huchukua kadiri ya kumwokoa. Mwenye shilingi milioni na zaidi mkononi, akitafuta pa kuzikuza, huyo ana haja. Dharura yake haijathubutu. Tena na atazame jambo moja: tangu mwaka 2008 ziko benki hapa Kenya zilizojifunga kutofanya kazi kwa riba, nazo zina fedha nyingi zinazotafuta pa kuwekwa. Lau hati hizi zingekuwa ni biashara kama ya mchele, benki hizo zingekuwa mbele ya watu wote katika kuzinunua. Hazizinunui, kwa kuwa wanavyuoni wao hawawapi ruhusa. Je, mwenye kutafuta faida kwa kazi yake amejizuia, na wewe wasii wa mayatima usijizuie?

ASILI YA MARADHI

Sasa twaja katika neno ambalo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Kuharimisha bila ya kuonyesha njia ni nusu ya kazi, na Mtume hakumfanyia hivyo Bilal.

Twajiuliza: kwa nini Mwislamu wa Mombasa, wa Lamu au wa Malindi, ajuaye riba ni nini, aende akasimame mbele ya karani wa benki? Baba zake hawakwenda. Njia ile ya simu imepewa jina la jahazi, na jina hili latukumbusha majahazi ya kweli. Kwa karne nyingi majahazi yalikwenda Bara Hindi na Arabuni na Ghuba kwa pepo za kaskazi na kusi, na mengi kati yake yalipakia mali ya watu wasiopanda. Mwenye fedha alitoa fedha, nahodha au mfanyabiashara akatoa kazi, na faida wakaigawa kwa mafungu waliyoafikiana; jahazi likizama, mwenye fedha alipoteza fedha na mwenye kazi alipoteza kazi. Huu ndio mudharaba, na Mtume mwenyewe kabla ya utume alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija. Jahazi hili jipya halizami kwa mwenye kukopesha, na ndiyo sababu halina baraka.

Watu wetu hawakuacha njia ya baba zao kwa kuipenda riba. Waliiacha kwa kukosa waaminifu. Mjane hutoa fedha zake kwa jamaa afanye biashara, na baada ya mwaka haoni faida wala mtaji wala jamaa. Washirika wawili hufungua duka, na mmoja hununua gari. Akiulizwa hesabu hukasirika, husema, "Huniamini?" Hapana karatasi, hapana shahidi, hapana hesabu. Basi mtu akiumwa mara mbili hukimbilia kwa Serikali, kwa kuwa Serikali hulipa siku yake. Mwenye kula riba ana dhambi yake. Na mwenye kuhini mali ya mshirika wake hadi akamsukuma mwenziwe katika riba naye asidhani kuwa amesalimika. Katika Hadithi Qudsi yapokewa kwamba Mwenyezi Mungu ni wa tatu wa washirika wawili maadamu mmoja wao hajamhini mwenziwe. Akihini, Yeye huondoka kati yao. Na ushirika alioondoka Mwenyezi Mungu, nani ataweka mali yake ndani yake?

Kwa hivyo enyi wafanyabiashara wetu, mnaposikia sheikh akiharimisha hati za Hazina juu ya mimbari, msitikise vichwa kwa kuridhika. Neno hili ni juu yenu zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni aya ya kuandika deni na kushuhudiza mashahidi. Hamkuamrishwa kuandika kwa kuwa hamwaminiani; mmeamrishwa ili mzidi kuaminiana. Andikeni mikataba yenu, shuhudizeni, fungueni daftari, toeni hesabu kila miezi mitatu pasipo kuulizwa. Watu kumi waaminifu katika mji mmoja wakijulikana kwa jambo hili, wataitoa katika riba mali ambayo hotuba mia haziwezi kuitoa.

JAWABU LA WASII

Twamjibu sasa ndugu yetu wasii.

Usizinunulie fedha za mayatima hati za Hazina. Mali ya yatima, katika Suratul An-am na Suratul Israi, tumekatazwa kuikaribia ila kwa njia iliyo bora, na riba si bora hata kwa mwenye mali ya nafsi yake. Wala usiiache ikae bure. Shilingi 1,200,000 zaka yake ni shilingi 30,000 katika mwaka wa kwanza, na madhehebu yetu yawajibisha zaka katika mali ya mtoto. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar aliwahimiza watu wafanye biashara kwa mali ya mayatima isije ikaliwa na zaka. Basi kuikuza ni katika wajibu wako.

Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamesema kwamba kumnunulia yatima mali isiyohamishika ni bora kuliko kumfanyia biashara, kwa kuwa nyumba haipotei upesi na kodi yake huja. Laiti nyumba ile ya marehemu isingeuzwa ila kwa deni na haki za lazima! Ni wangapi katika mji wetu waliouza nyumba za mawe za babu zao wakazila fedha katika miaka mitatu? Lakini lililopita limepita. Sasa tafuta fungu katika nyumba ya kupangisha pamoja na mtu mwaminifu, hata chumba kimoja au viwili. Fungu la watoto liandikwe kwa jina lao na si kwa jina lako. Mpelekee Kadhi habari na umtake shauri. Na kodi iwe chakula na masomo yao. Fedha itakayobaki iweke katika akiba ya kushirikiana faida katika benki isiyofanya kazi kwa riba, na usitosheke na jina lililo mlangoni. Uliza fedha zafanya kazi gani, na faida yagawiwa vipi. Usitie yote mahali pamoja.

Ziko pia hati ziitwazo sukuk, ambazo mwenye nazo humiliki fungu katika kitu chenye kuonekana, naye hupata kodi au faida yake. Sukuk ya kwanza iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2023 kwa ajili ya kujenga nyumba. Nayo pia na iulizwe msingi wake kabla ya kuingiwa, maana si kila kilichovaa kanzu ni Mwislamu. Lakini mlango ni wa kweli. Malaysia ilitunga sheria mwaka 1983 ili serikali ipate fedha kwa hati zisizo na riba. Serikali ya Uingereza, isiyo ya Kiislamu, mwaka 2014 ilitoa sukuk ya pauni milioni 200 iliyosimama juu ya kodi za majengo yake. Kenya ina bandari, ina barabara, ina majumba. Ikiwa Serikali yataka fedha za Waislamu wa pwani, na iwauzie fungu katika vitu hivi wapate kodi yake. Na wabunge wetu tunaowapigia kura wana deni la kulisema hili mahali panaposikika.

Ama aliyekwisha kuzinunua hati hizi naye hakujua, asikate tamaa. Asinunue nyingine. Iliyo mkononi ikifika siku yake achukue rasilimali yake, yaani kile alichotoa, kwani Mwenyezi Mungu amewaachia wenye kutubu rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Ziada aitoe katika maslaha ya watu wote, kama kuwasaidia mafakiri au kutengeneza njia, kwa nia ya kujivua nayo. Asiile, asilipie hija, wala asiihesabu kuwa ni sadaka. Mwenyezi Mungu ni mzuri, hapokei ila kizuri. Na kamati za misikiti na madrasa zilizoweka fedha za wakfu katika hati hizi na zifanye hivyo mbele ya watu wao. Mtume amemlaani mwenye kula riba, na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwalimu wa Qurani alipwe mshahara kwa fedha hiyo kisha amfundishe mtoto aya za riba kutoka Suratul Baqara? Mshahara mdogo wa halali, ukichangwa nyumba kwa nyumba, ni bora kwake na kwetu.

Ndugu zetu! Tumeulizwa juu ya shilingi za watoto watatu. Kesho tutaulizwa kwa nini katika mji mzima wa Waislamu wasii hakupata mtu wa kumwamini ila benki. Jibu la suala la kwanza tumeliandika. La pili na tuliandike kwa matendo yetu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu yako, na ututajirishe kwa fadhila zako tusimtegemee asiyekuwa Wewe. Walinde mayatima wetu, uwape wasii wao uaminifu, uwape wafanyabiashara wetu ukweli, na utie baraka katika kidogo chetu kilicho safi. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.